Vipimo Vyako ni Safi, na Bado Unaumwa

Mashambulio ya hofu ni ugonjwa unaotibika. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoletwa kwetu usiku wameshika kifua, wakiamini moyo umefika mwisho, huondoka na jibu moja tu: moyo wako mzima, nenda kapumzike. Hawaambiwi kilichowapata kinaitwaje, kinatokana na nini, wala kwamba zipo kliniki zinazokitibu. Mimi ni muuguzi. Nimepita wodini, nimepita kliniki ya afya ya akili, na sasa nahudumu katika zahanati ndogo huku Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo, wanakopita mchana kutwa malori ya saruji na daladala za Bunju. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayomweleza mgonjwa nikipata nafasi ya kukaa naye, na nafasi hiyo ni adimu.

Nikueleze kwanza jinsi shambulio linavyoingia. Usiku mmoja wa masika aliletwa dada mshonaji, mwenye cherehani yake pale Boko Magengeni. Alikuja kwa bodaboda, yeye katikati na wifi yake nyuma amemkumbatia asianguke. Anahema kwa kasi, jasho linamtiririka na baridi ile ya mvua, midomo ina ganzi. Vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa, dole gumba limeingia kiganjani, na akijaribu kuvikunjua havikunjuki. "Mama, nakufa," ananiambia. "Watoto wangu nitamwachia nani?" Wifi ameshaanza kumsomea Ayatul Kursi sikioni. Tukampima. Mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha imepanda kidogo, sukari sawa, homa hana. Kile kifaa cha kubana kidoleni kikasoma oksijeni asilimia 99. Namwomba msomaji aiangalie vizuri namba hiyo. Huyu mtu anaapa kwamba hewa imemwishia, kumbe damu yake imejaa hewa.

Nilikaa mbele yake nikamwambia anitazame mimi, aachane na mikono. "Toa pumzi polepole, dada. Iache iende yote. Haya, sasa vuta kidogo tu, kwa pua." Nikawa nahesabu hadi nne ikiingia, hadi sita ikitoka. Sikumkemea, sikumwambia ajikaze. Robo saa haikutimia, vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja. Akaviangalia, akalia, halafu akaona haya mbele ya wifi yake.

Aibu ile haikuwa na sababu, kwa maana mwili wake ulikuwa umefanya kazi uliyoumbiwa, isipokuwa uliifanya wakati usiofaa. Ubongo ukihisi hatari huagiza tezi zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo huongeza kasi ili damu iende kwenye misuli ya kukimbilia au kupigania, pumzi huongezeka, tumbo huacha kusaga chakula, ngozi hutoa jasho. Ukikutana na koboko shambani, utashukuru kuwa na mwili wa namna hiyo. Katika shambulio la hofu, ubongo unafanana na mlinzi wa usiku aliyesikia embe limeangukia bati, akapuliza filimbi mtaa mzima ukaamka. Filimbi imelia kweli na watu wameshtuka kweli. Mwizi ndiye hayupo.

Na vile vidole? Mtu akihema kwa kasi bila kukimbia popote, hutoa nje hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyotaka. Damu hubadilika kidogo, kalsiamu inayotumiwa na neva hupungua, na neva huanza kutuma ishara ovyo. Ndipo inapokuja ganzi ya midomo, sindano za vidoleni, kizunguzungu na kukakamaa. Pumzi ikitulia, vyote hivyo hurudi mahali pake bila sindano wala dripu. Kwa kawaida shambulio hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha huanza kushuka, mtu akabaki amechoka mwili mzima. Lenyewe haliui. Najua maneno hayo hayaingii masikioni mwa mtu aliye katikati yake, ndiyo maana nayasema siku mtu akiwa ametulia.

Ukisikiliza historia ya mtu aliyepatwa, mara nyingi utakuta mzigo. Yule dada alikuwa na mkopo wa kausha damu aliouchukua Januari kulipia ada, na marejesho yake yalikuwa ya kila siku. Alikuwa akishona hadi saa nane usiku. Wengine huanza baada ya msiba, baada ya kujifungua, baada ya ajali ya barabarani. Wengine huanza bila sababu yoyote inayoonekana, wakiwa wamekaa wanatazama taarifa ya habari. Hao ndio hutishika zaidi, kwa sababu hawana cha kunyooshea kidole.

Kupatwa na shambulio moja maishani si ugonjwa. Watu wengi hupatwa na moja au mawili na hayarudi tena. Ugonjwa unaanza pale mtu anapoishi akilisubiri jingine. Yule mshonaji aliacha kupanda daladala kwa kuogopa limpate akiwa amebanwa katikati ya watu, foleni ya Tegeta imesimama, kondakta amefunga mlango. Kisha akaacha kwenda Kariakoo kununua vitambaa, akawa anaagiza na kuletewa hafifu. Kisha msikitini akawa anakaa karibu na mlango. Kisha akaacha kulala peke yake chumbani mumewe akisafiri. Kila alichokiacha kilimpa nafuu ya siku moja na kumpunguzia eneo la kuishi. Nimewaona waliofika mahali pa kutotoka getini.

Upo pia wasiwasi wa aina nyingine, usiokuja kwa kishindo. Huu hukaa na mtu miezi sita, mwaka, miaka. Anaamka na hofu ya ada, akimaliza hiyo anaanza ya mvua na bati, ya mtoto aliyechelewa kurudi, ya simu inayoita usiku. Mabega yanauma, tumbo linavuruga, usingizi unakatika saa tisa. Familia humwita mtu wa mawazo mengi, na yeye mwenyewe hudhani ndivyo alivyoumbwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya hofu na wasiwasi, na kwamba ni takriban mmoja tu kati ya wanne anayepata tiba yoyote. Kwa macho yangu, huku kwetu nje ya mji hata huyo mmoja haonekani mara nyingi.

Sasa vipimo. Vinahitajika, na simwachi mtu aambiwe ana hofu kabla hajapimwa. Upungufu wa damu hufanya moyo ukimbie, na kina mama wengi wanaotokwa na damu nyingi ya hedhi wanao bila kujua. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta kutetemeka, jasho na wasiwasi. Sukari ikishuka hufanya vivyo hivyo. Pumu hubana kifua. Yapo matatizo ya mdundo wa moyo yanayohitaji kipimo cha umeme wa moyo. Nauliza pia mtu anakunywa nini. Vijana wetu wa bodaboda hushinda na vinywaji vya kuongeza nguvu, chupa juu ya chupa, chakula kidogo, halafu jioni moyo unawapiga kama unataka kutoka. Pombe nayo hutuliza usiku na kuchochea asubuhi, na anayeiacha ghafla baada ya kuizoea anaweza kutetemeka na hata kudondoka kifafa. Huyo anahitaji hospitali haraka.

Vipimo hivyo vikishafanyika vikawa safi, inatosha. Nasema hivyo kwa mkazo kwa sababu nimeshika mafaili mazito ya watu waliozunguka. Moyo umepimwa mjini, ukapimwa tena mahali pengine, kisha picha ya kichwa, kisha typhoid na malaria za kila wiki, na kila karatasi inasema hakuna tatizo. Akiba ya VICOBA imekwisha. Kosa siliweki kwa mgonjwa. Mtu aliyeambiwa "huna kitu" na bado usiku ule ule akapatwa tena, afanye nini kama si kutafuta mwingine wa kumpima? Anayetoa majibu safi ana kazi moja zaidi mbele yake: kumweleza mgonjwa ni nini basi kilichompata. Hiyo kazi huchukua dakika 10, na kwa wengine peke yake hupunguza nusu ya ugonjwa.

Sababu yake ilielezwa vizuri mwaka 1986 na mwanasaikolojia wa Oxford, David Clark. Alisema kinachogeuza mapigo ya moyo kuwa shambulio ni tafsiri. Mtu anahisi moyo umeruka mdundo mmoja, anasema huu ni mwisho wangu, hofu inapanda, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio zaidi, naye anapata ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Duara linazunguka lenyewe. Tiba ya mazungumzo iliyojengwa juu ya wazo hilo hulikata duara pale kwenye tafsiri, na hulikata kwa vitendo. Maneno matupu ya "usiogope" hayafui dafu hapo.

Kwa yule dada ilifanyika hivi, na huduma hii aliipata kwa mwanasaikolojia, baada ya rufaa, mimi nikimfuatilia huku Boko. Kwanza aliletewa dalili zake makusudi. Akaambiwa akimbie palepale aliposimama kwa dakika moja, moyo ukadunda. Akazungushwa kwenye kiti hadi akapata kizunguzungu. Akapumua kwa mrija wa soda huku amebana pua, kifua kikabana. Kila mara aliulizwa ulitegemea nini kitokee, na kimetokea nini. Siku ya kwanza alitaka kuondoka. Baadaye alikuwa akijizungusha mwenyewe nyumbani na watoto wakimcheka. Mwili ukajifunza kwamba moyo kukimbia ni moyo kukimbia tu. Mazoezi haya hayafanywi na mwenye pumu, mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo bila daktari kuruhusu.

Kisha daladala. Walipanga ngazi kuanzia jambo dogo. Kusimama kituoni Magengeni bila kupanda. Kupanda hadi Tegeta Nyuki na wifi yake, asubuhi isiyo na msongamano. Safari hiyo hiyo peke yake. Halafu Kibaoni, halafu Africana, halafu Mwenge. Mwisho Makumbusho saa kumi na moja jioni, amesimama, katikati. Sharti lilikuwa moja: usishuke hofu ikiwa juu. Ukishuka hofu ikiwa kileleni, ubongo unaandika kwamba kushuka ndiko kulikookoa maisha. Ukibaki, hofu itashuka yenyewe, na hilo ndilo somo ulilolipia nauli.

Palikuwa na jambo dogo lililomchelewesha. Kila safari alikuwa amefunga kidonge cha kutuliza kwenye ncha ya khanga. Hakukimeza hata siku moja, lakini mkono haukuachia ile ncha. Mwanasaikolojia alipoiona, akamwomba akiache nyumbani. Ilikuwa vita. Siku alipopita Lugalo bila kidonge, alinipigia simu akiwa bado ndani ya gari, kelele za kondakta nyuma yake, ananiambia, "Mama, imekuja, nimeiacha, imeondoka."

Tiba hii kwa kawaida ni vikao vya wiki kwa wiki, kati ya nane na kumi na vinne hivi, na kazi ya nyumbani katikati. Kwa mashambulio ya hofu hufanya kazi sawasawa na dawa, na faida yake hudumu zaidi baada ya kuacha, kwa sababu mtu amejifunza kitu. Kwa ule wasiwasi wa kila siku hufanywa kwa namna nyingine kidogo: mtu hujifunza kutenga muda wa kuhangaika, kutofautisha tatizo linalohitaji hatua na tatizo la kubuni, na kulegeza misuli. Mwenye mkopo kausha damu anahitaji pia mtu wa kukaa naye wapange madeni. Hilo nalo ni sehemu ya tiba, na maofisa ustawi wa jamii hospitalini wapo kwa ajili ya mambo ya aina hiyo.

Shida ni wataalamu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinawafundisha, lakini bado ni wachache mno kwa jiji hili. Njia ya mtu wa Boko ni kuanzia zahanati au kituo cha afya, kwenda hospitali ya Mabwepande au ya rufaa ya mkoa Mwananyamala, na ikibidi Muhimbili, kwenye idara ya magonjwa ya akili. Wa upande wa pili wa jiji wana Temeke. Wengi nikiwaandikia rufaa hiyo huikunja na kuificha. Kwa wazee, kliniki hiyo bado ina harufu ya Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927 na ambayo jina lake limegeuzwa kuwa tusi mitaani. Kwa vijana, ni mahali pa foleni ya methadoni, kwa kuwa Muhimbili ilianza kuwatibu waathirika wa heroini mwaka 2011 na Mwananyamala ikafuata mwaka 2012. Mshonaji wetu aliogopa kukutana na mteja wake pale. Alimkuta, na mteja naye alikuwa na kadi mkononi.

Wenzetu wa Zimbabwe hawakusubiri wataalamu waongezeke. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi, na umefika Zanzibar. Boko ina kina mama watu wazima wenye busara na muda, ina miti ya kivuli, ina zahanati. Sioni kinachotuzuia isipokuwa kuamua.

Dawa nazo zina nafasi yao, na sisi wauguzi tuna sehemu katika historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Hillside, New York, daktari Donald Klein aliwapa dawa mpya ya wakati huo, imipramini, wagonjwa waliokuwa wakikimbilia meza ya wauguzi mara kadhaa kwa siku wakisema wanakufa. Wiki zilipita, wagonjwa wenyewe wakasema hakuna nafuu. Wauguzi wa wodi ndio waliogundua kwamba hawaji tena kukimbilia mezani. Kutokana na kazi hiyo, iliyochapishwa katika miaka ya 1960, madaktari wakaanza kutambua mashambulio ya hofu kama ugonjwa unaojitegemea.

Leo dawa zinazotangulizwa ni za kundi la fluoksetini na setralini. Mambo mawili yanawafanya watu wazitupe mapema. La kwanza, hazifanyi kazi leo wala kesho. Huchukua wiki mbili hadi sita. La pili, siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi, kichefuchefu na kukosa usingizi, hivyo kwa mtu wa mashambulio ya hofu daktari makini huanza na dozi ndogo na kupandisha polepole. Nikimweleza mgonjwa hayo mapema, anavumilia. Asipoelezwa, siku ya nne anaacha na kuwaambia majirani dawa zilimzidisha. Zinaweza pia kupunguza hamu ya tendo la ndoa; wagonjwa hawasemi mpaka waulizwe, nami huuliza. Mtu akipata nafuu huendelea nazo miezi kadhaa, mara nyingi hadi mwaka, na kuziacha kunafanywa kwa kupunguza kidogo kidogo. Mjamzito au anayenyonyesha asiache mwenyewe kwa hofu. Aonane na daktari wapime pamoja.

Amitriptilini na imipramini ni za zamani zaidi, hufanya kazi, ila hukausha mdomo, hulaza, na zikimezwa nyingi kwa pamoja ni hatari kubwa kwa moyo, hivyo hazifai kuachwa kopo zima nyumbani kwa mtu aliyekata tamaa. Propranololi hutuliza mapigo na kutetemeka, kwa mfano kwa anayeogopa kusimama mbele ya watu, lakini haigusi chanzo, na mwenye pumu haruhusiwi kabisa.

Nimeiacha diazepamu mwisho kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi. Wengi wanaijua kwa jina la Valium. Inatuliza ndani ya saa moja, na ndio ubaya wake. Ubongo hujifunza kwamba hofu huondolewa na kidonge, mtu hafiki kamwe kwenye lile somo la daladala. Baada ya wiki chache kidonge kimoja hakitoshi. Akiacha ghafla, hofu inarudi kubwa kuliko ya mwanzo, na wengine hupata degedege. Ikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu inaweza kusimamisha pumzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haushauri dawa za kundi hilo kwa magonjwa ya hofu na wasiwasi. Na bado nakutana na kina mama wa makamo ambao kwa miaka wamekuwa wakinunua vidonge viwili viwili, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, bila cheti wala jina. Kwao siwezi kusema acheni leo. Nasema njooni tupunguze pamoja, kwa wiki na miezi, na daktari akisimamia.

Kuhusu dua na maombi, mimi nayaheshimu na ninaomba. Quran inayosomwa kwa sauti ya upole, au mchungaji anayekaa na mtu wake, humtuliza mwenye hofu na kumwondolea upweke. Napinga mambo matatu: kumwambia mgonjwa aache dawa ili imani yake ionekane, kumfunika kwa moshi wa ubani ndani ya chumba kilichofungwa wakati kifua kinabana, na kumpiga au kumfungisha siku nyingi ili kitu kitoke. Aliyeshikwa na hofu akiambiwa kwamba ana jini, amepewa tafsiri ya kutisha kuliko ile ya moyo.

Mazoezi nayaandika kama dawa. Kutembea haraka hadi ufukweni Ununio na kurudi, jioni jua likishapungua, mara kadhaa kwa wiki, hushusha wasiwasi, huleta usingizi na humzoesha mtu moyo wake ukienda mbio kwa sababu njema.

Ndugu wa mgonjwa, mkimkuta katika shambulio, kaeni naye, ongeeni polepole, mkumbusheni kwamba litashuka, mpumue naye. Msimzunguke kumi. Msimpe mfuko apumulie ndani, maana kama kumbe ni pumu au moyo mtamdhuru. Na msiseme punguza mawazo. Angekuwa anajua kuyapunguza angeyapunguza juzi.

Yapo ya kukimbiza hospitali bila mjadala: maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, yanayokuja mtu akipanda ngazi au akibeba ndoo, yanayozidi dakika 20, kuzimia, midomo kuwa ya buluu, mguu mmoja kuvimba na pumzi kukata, hasa kwa aliyejifungua karibuni, shambulio la kwanza kwa mtu aliyepita miaka 40, au mwenye kisukari na presha. Na yeyote anayesema hataki tena kuishi apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni.

Yule dada sasa ananunua vitambaa mwenyewe Kariakoo. Hupatwa mara moja moja, hasa deni likiwa limekaba, na hulala.

Nawageukia ninyi wenye maduka ya dawa Boko, Basihaya, Tegeta na Bunju. Mnawajua kwa majina na mnajua wanakuja saa ngapi. Akija mtu kuomba vidonge viwili vya kutuliza bila cheti, msimuuzie. Mwambieni kwamba ugonjwa wake una tiba, mwonyesheni zahanati iliyo karibu, na mwambieni aombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili Mwananyamala. Akiona haya kwenda peke yake, mleteni kwangu, nitamsindikiza.